Siku tatu jangwani Turkana: mwongozo kamili wa kupiga kambi, kuona nguzo za Namoratunga na kutembea penye visukuku vya Nariokotome

Wengi wanaorudi kutoka magharibi mwa Ziwa Turkana huniletea malalamiko yale yale. Maji yaliisha siku ya pili. Hema lilichanika usiku. Walifika Nariokotome saa 7 mchana, wakasimama kidogo penye mnara wa kumbukumbu, hawakuona kisukuku chochote ardhini, wakaondoka. Nguzo za Namoratunga walizipiga picha kupitia dirisha la gari.

Makosa hayo yote yana mzizi mmoja: safari ilipangwa kwa orodha ya maeneo. Turkana haipangiki hivyo. Panga kwanza lita za maji na saa za jua, kisha maeneo yaingie kwenye nafasi inayobaki. Ukifanya hivyo utaona machache, lakini utayaona kweli.

Mwongozo huu ni wa siku 3 na usiku 2, kuanzia na kuishia Lodwar, kwa watu 4. Mkiwa wengi zaidi, zidisha hesabu.

## Vifaa vya kuwa navyo kabla ya kutoka Lodwar

Gari na njia:

- Gari lenye nguvu kwenye magurudumu yote manne, na ikiwezekana magari mawili
- Tairi za spea mbili, jeki, na ubao mpana wa kuweka chini ya jeki ili isizame mchangani
- Pampu ya upepo na geji ya kupima presha ya tairi
- Sepetu, kamba imara ya kuvutia gari, na mbao mbili za kukwamulia
- Vifaa vya kuziba pancha, vingi kuliko unavyodhani vinatosha
- Ramani iliyopakuliwa kwenye simu, na nyingine ya karatasi

Kambi:

- Hema la chini lenye kamba za pembeni. Mahema marefu hayafai
- Viroba 8 vitupu vya kujaza mchanga
- Turubai la kivuli, mikeka, vyandarua
- Jiko la gesi, sufuria mbili, viberiti vilivyofungwa kwenye plastiki
- Tochi ya kichwani kwa kila mtu, na moja ya mwanga wa zambarau (UV) ya kutafutia nge

Mwili:

- Kofia yenye ukingo mpana, shati la mikono mirefu, leso au kikoi cha kufunika uso
- Viatu vinavyofunika vidole. Kandambili zibaki kambini
- Pakiti za kurudisha maji mwilini, bandeji pana, dawa za kila mtu
- Chakula kisichoharibika: unga, maharagwe yaliyochemshwa tayari, chapati, njugu, tende

Maji na mafuta ya gari nimeyatengea hatua yake, kwa sababu hapo ndipo safari nyingi huvunjikia.

## Hatua ya 1: Chagua upande mmoja

Kutoka Lodwar una njia mbili za kuunganisha visukuku, yaani mifupa ya kale iliyogeuka jiwe, na nguzo za kale.

Ya kwanza inakwenda kaskazini: Namoratunga, Kalokol, kisha kandokando ya ziwa hadi Nariokotome, mahali alipopatikana Kijana wa Turkana, kiunzi cha mtoto aliyeishi kama miaka milioni 1.5 iliyopita. Ya pili inakwenda kusini-mashariki hadi Lothagam, ambako visukuku vya miaka milioni 7 hadi 5 viko karibu na makaburi ya nguzo ya miaka kama 5,000 iliyopita. Lothagam ni ajabu kubwa. Ila ni eneo la utafiti, halina barabara ya maana, na bila ruhusa na mwenyeji anayelijua vizuri utazunguka tu mchangani.

Anayekwenda mara ya kwanza aende kaskazini. Mwongozo unaofuata ni wa njia hiyo.

Onyo: Usijaribu pande zote mbili ndani ya siku 3. Kwenye ramani zinaonekana jirani. Ardhini zinatenganishwa na mchanga, milaga, yaani mikondo ya mito iliyokauka, na joto, na utakuwa barabarani saa zile zile ambazo ungepaswa kuwa unatazama.

## Hatua ya 2: Panga msimu, ruhusa na mwenyeji

Epuka Machi hadi Mei. Mvua ya Turkana ni kidogo kwa mwaka mzima, lakini ikija huja kwa kishindo, na milaga hujaa maji kwa muda mfupi. Mvua inaweza kunyesha milimani ambako huoni, na maji yakakukuta chini ya anga lisilo na wingu. Juni hadi Septemba ni salama zaidi. Januari na Februari pia panafaa, ingawa joto ni kali.

Wiki kadhaa kabla, wasiliana na Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya uulize kuhusu kutembelea maeneo ya visukuku. Ukifika Lodwar pitia ofisi ya utalii ya kaunti, kisha kituo cha polisi uulize hali ya usalama ya wiki hiyo. Uliza hasa kuhusu barabara ya kaskazini ya Nariokotome, kwa sababu ukizidi kuelekea Todonyang na mpaka wa Ethiopia mambo hubadilika. Wakikwambia usiende, usiende.

Halafu tafuta mwenyeji. Namaanisha mtu wa Kalokol au Nariokotome mwenyewe, anayezungumza Kiturkana na anayejulikana na wazee wa huko. Atakuonyesha mlaga unaovukika, atakupeleka kwa chifu, atakwambia kisima kipi ni cha mifugo ya nani. Kubaliana naye malipo mapema, kwa shilingi kamili, na mweleze kama chakula kimo ndani au hakimo. Kupunguziana bei jua likiwa kichwani ni aibu kwa pande zote.

Utajua umefanikiwa ukiwa na: jina na simu ya mwenyeji, jibu la polisi la siku hiyo, na mtu mmoja nyumbani anayejua njia yako na saa ambayo, usipopiga simu, aanze kukutafuta.

## Hatua ya 3: Piga hesabu ya maji na mafuta kwa kalamu

Usikadirie kwa macho. Andika.

Kila mtu anahitaji lita 5 za kunywa kwa siku na lita 3 za kupikia na kunawa. Hizo ni lita 8. Kwa watu 4 kwa siku 3 ni lita 96. Ongeza siku moja nzima ya akiba, lita 32, kwa sababu gari likiharibika msaada unaweza kufika kesho yake. Mwenyeji naye ni mtu, ana kiu: ongeza lita 32 zake kwa siku hizo 4. Mwisho lita 20 za gari. Jumla ni lita 180, yaani jerikeni 9 za lita 20.

Huo ni uzito wa kilo 180, sawa na watu wazima wawili au watatu. Ndiyo maana watu 4, mwenyeji na mizigo yao hawatoshi kwenye gari moja dogo. Punguza nguo, punguza viti vya kukunja, lakini jerikeni usiziguse.

Gawa maji katika vyombo vingi. Jerikeni moja ikipasuka umepoteza lita 20. Tangi moja kubwa likipasuka umepoteza safari.

Usitegemee maji ya ziwa. Ziwa Turkana lina magadi, na floridi yake ni nyingi. Kuyachemsha kunaua vijidudu tu. Chumvi hubaki pale pale. Yanafaa kwa kuoshea sufuria, na hata hapo mwenye kuyachota aangalie mamba.

Kuhusu mafuta, panga kilomita 350 ukijumlisha mizunguko ya kutafuta njia. Gari linalokwenda kilomita 8 kwa lita kwenye lami linaweza kushuka hadi 5 mchangani. Hiyo ni lita 70, na lita 20 za akiba juu yake. Jaza Lodwar. Mafuta ya kwenye chupa njiani yapo, lakini huwezi kujua yamechanganywa na nini.

Utajua umefanikiwa ikiwa: asubuhi ya siku ya tatu bado kuna jerikeni tatu ambazo hazijafunguliwa. Zikiwa mbili, mliishi kwa bahati.

## Hatua ya 4: Siku ya kwanza, hema kwanza, nguzo baadaye

Toka Lodwar karibu saa 8 na nusu mchana. Barabara ya kwenda Kalokol, kama kilomita 60, ndiyo rahisi kuliko zote katika safari hii. Nguzo za Namoratunga utazipita kabla ya kufika Kalokol. Zipite kwanza.

Najua inauma kuzipita. Lakini saa hiyo jua bado liko juu, nguzo hazina vivuli, na mawe yana joto la kuunguza kiganja. Endelea mpaka kwa mwenyeji wako, salimianeni na chifu au mzee wa mahali, kisha mrudi pamoja kuchagua kambi kati ya Kalokol na Namoratunga, mbali kidogo na barabara. Simamisha hema mchana kungali kweupe. Mwache mtu mmoja kambini au umlipe kijana wa hapo alinde. Saa 11 na robo jioni nendeni penye nguzo. Jua huzama kati ya saa 12 na nusu na saa 1, kwa hiyo mna zaidi ya saa nzima ya mwanga mzuri.

Mbele yako kuna nguzo 19 za basalti, jiwe jeusi la volkano, nyingi zikiwa zimeinama. Ni fupi kuliko wengi wanavyotarajia. Usizitazame moja moja. Zunguka eneo lote kwa nje mara moja, polepole, uone jinsi zilivyokusanywa pamoja, kisha chuchumaa nguzo zikiwa kati yako na jua. Hapo ndipo mstari wa kila nguzo na pembe iliyochongwa na maumbile vinajitokeza.

Mambo mawili yatakusaidia kuelewa unachokiona. Mwaka 1978 watafiti walitoa hoja kwamba nguzo hizi zilipangwa kufuata nyota ili kuhesabu kalenda, na hadi leo waongozaji wengi huisimulia hivyo. Hoja hiyo imepingwa sana. Kazi za baadaye zimeziweka nguzo hizi pamoja na maeneo mengine ya nguzo kuzunguka ziwa, yaliyojengwa na wafugaji wa kwanza wa eneo hili miaka kama 5,000 hadi 4,000 iliyopita, wakati mvua ilikuwa ikipungua na ziwa, lililokuwa juu sana kuliko leo, likirudi nyuma. Huko Lothagam, chini ya jukwaa la mawe lenye nguzo kama hizi, watafiti walikadiria kwamba walizikwa watu wasiopungua 580, wakubwa kwa wadogo, bila dalili kwamba wengine walitukuzwa kuliko wenzao. Mimi huliona hilo kuwa jambo zito kuliko nyota zote.

Simulizi ya Waturkana ni nyingine: nguzo hizi ni watu waliokuwa wakicheza ngoma wakageuzwa mawe. Mwombe mwenyeji akusimulie mwenyewe, pale pale, kwa namna anavyoijua.

Maonyo:

- Usipande juu ya nguzo wala usiegemee. Jiwe lililoinama kwa maelfu ya miaka laweza kuanguka siku utakayoliegemea wewe.
- Mawe madogo utakayoyaona juu ya nguzo yamewekwa na watu. Usiondoe.
- Usipige kambi wala kuwasha moto hapo.

## Hatua ya 5: Funga hema kwa ajili ya upepo wa usiku

Hapa ndipo wengi hudanganyika. Jioni huwa shwari, wanafunga hema kwa vigingi vile vyembamba vilivyokuja nalo, wanalala. Upepo wa Turkana unatoka kusini-mashariki, ukipita kwenye bonde lililo kati ya nyanda za juu za Ethiopia na za Kenya, na huwa mkali zaidi usiku wa manane hadi asubuhi. Hema lililosimama vizuri saa 1 jioni halikuambii kitu kuhusu saa 9 usiku.

Fanya hivi:

1. Chagua ardhi iliyo juu ya ukingo wa mlaga, angalau mita 2 juu ya mchanga wa chini. Kamwe usilale ndani ya mlaga, hata kama mchanga wake ni laini na una kivuli.
2. Kagua mchwa, mashimo, na miiba ya mti wa mathenge. Mwiba wa mathenge hupita kwenye sakafu ya hema, kwenye godoro la upepo, na kwenye tairi.
3. Elekeza mlango kaskazini-magharibi, mgongo wa hema upokee upepo.
4. Jaza viroba mchanga, funga kamba za pembeni kwenye viroba, vizike kina cha magoti. Kigingi mchangani hung'oka. Kiroba kilichozikwa hakiendi popote.
5. Egesha gari upande wa upepo, likingie hema.
6. Zima moto kwa maji na mchanga kabla ya kulala. Usikate mti hata mmoja kwa kuni. Huku mti mmoja ni kivuli cha mbuzi wa familia nzima. Ndiyo maana tumebeba gesi.

Ukilazimika kulala karibu na ziwa, kaa mita 200 au zaidi kutoka majini. Ziwa lina mamba wengi wa Mto Nile, na usiku hutoka nje.

Kabla ya kulala pitisha tochi ya zambarau kuzunguka hema. Nge hung'aa kijani chini ya mwanga huo. Kung'uta viatu kila asubuhi, bila kukosa.

Utajua umefanikiwa ikiwa: ukisukuma hema kwa mikono miwili kwa nguvu zako zote, linatikisika lakini hakuna kamba inayolegea.

## Hatua ya 6: Siku ya pili, nenda kaskazini mapema

Ondoka saa 12 na nusu asubuhi. Kifungua kinywa kiwe chapati na chai ya chupa iliyopikwa jana usiku, kwa sababu upepo wa asubuhi hautakuachia jiko liwake. Tenga nusu siku nzima kwa njia ya kwenda Nariokotome. Utavuka milaga mingi inayoteremka ziwani, na kila mmoja una tabia yake.

Kabla ya mchanga wa kwanza, punguza upepo wa tairi kutoka kama PSI 35 hadi 20 kwenye geji. Tairi lililolegea linatanuka na kuelea juu ya mchanga, lililojaa linachimba. Kuanzia hapo usizidi kilomita 40 kwa saa na usikate kona ghafla, tairi litachomoka kwenye rimu.

Ukifika kwenye mlaga, simama. Shuka na mwenyeji mtembee ng'ambo kwa miguu. Mchanga mkavu na laini unaozamisha kisigino chote utazamisha gari pia. Ingia kwa gia ya nguvu, mwendo ule ule, bila kubadilisha gia katikati, na usisimame mpaka utoke.

Ukikwama, ondoa mguu kwenye mafuta mara moja. Kila mzunguko wa gurudumu unakuzamisha. Chimba mbele ya magurudumu yote manne, si moja tu. Toa mchanga ulioshika tumbo la gari. Ingiza mbao, punguza upepo hadi 15, abiria wote washuke, kisha toka polepole. Kazi hii ifanywe kwa zamu, na kila anayechimba anywe maji kabla hajasikia kiu.

Onyo kubwa: Gari likiharibika kabisa, msiliache. Kaeni kwenye kivuli chake na maji yenu. Gari huonekana kwa mbali, mtu anayetembea haonekani.

Lengo ni kufika Nariokotome kabla ya saa 6 mchana. Nenda moja kwa moja kwa chifu au wazee. Salamu ya "Ejoka" ikitoka kinywani mwako kabla ya swali lolote, mazungumzo huwa mengine. Usipige picha za watu, ng'ombe wala visima bila kuuliza. Visima vinavyochimbwa ndani ya mlaga ni vya kunyweshea, usinawie hapo.

Kisha pumzika kivulini hadi saa 10 alasiri. Najua mtu aliyesafiri kutoka mbali hataki kulala mchana. Lala hivyo hivyo.

## Hatua ya 7: Jifunze kusoma ardhi

Hii ndiyo hatua ambayo watu hushindwa zaidi, nami nataka uifanye taratibu.

Kwanza, ujue kisichokuwepo. Mifupa ya Kijana wa Turkana haiko Nariokotome. Iko Nairobi, kwenye hifadhi ya Makumbusho ya Kitaifa. Alipopatikana kuna mnara wa kumbukumbu, kilomita chache kutoka ziwani, kwenye ukingo wa mlaga. Ukiweza, pitia makumbusho Nairobi kabla ya safari, ili ukisimama hapa akili iwe na umbo la kuliweka mahali pake.

Mwezi Agosti 1984 Kamoya Kimeu, Mkenya aliyekuwa na jicho kali kuliko yeyote katika kazi hiyo, aliona kipande kidogo cha mfupa wa paji la uso kikiwa kati ya vijiwe vyeusi vya volkano vilivyofanana nacho kwa rangi. Uchimbaji uliofuata ulitoa karibu kiunzi kizima cha mtoto wa kiume aliyeishi kama miaka milioni 1.5 iliyopita. Simama pale alipopita. Tazama vile vijiwe. Utaelewa ni ustadi wa namna gani.

Sasa tembea, kwa utaratibu huu:

1. Chagua saa. Saa 10 na nusu hadi saa 12 na nusu jioni, na tena alfajiri. Jua la pembeni hukipa kila kitu kivuli kidogo, na jicho hukamata kivuli kabla ya rangi. Mchana ardhi yote huwa bapa.
2. Fuata njia ya maji. Kanyaga kwenye mikondo iliyokwisha oshwa na kokoto, usipande miteremko. Visukuku hutoka kwenye miteremko mvua ikila udongo. Ukipanda unavivunja kabla hujaviona.
3. Tafuta tabaka. Kwenye kingo utaona mistari ya kijivu au nyeupe katikati ya udongo wa kahawia. Hayo ni majivu ya volkano za zamani, na ndiyo saa ya wataalamu: madini yaliyomo hupimwa umri, na kila kilicho kati ya tabaka mbili hujulikana kimelala kati ya miaka ipi.
4. Tofautisha mfupa na jiwe. Jiwe lililovunjika ni lile lile ndani na nje. Mfupa una ganda gumu nje na matundu madogo kama sega la nyuki ndani. Jino hung'aa kwa namna ambayo kokoto haing'ai. Gamba la kobe au kasa lina mistari ya maungio. Vipande vya samaki, kiboko na mamba ndivyo utakavyoviona zaidi.
5. Tazama mita 2 mbele ya miguu, macho yakienda kushoto na kulia, hatua fupi. Mtu anayetafuta mbali hupita juu ya alichokuja kukiona.

Ukiona kitu, chuchumaa. Mikono nyuma. Weka kalamu pembeni yake ili ukubwa uonekane, piga picha moja ya karibu na nyingine ya mbali yenye kilima au mti unaotambulika, kisha soma mahali ulipo kwenye simu na uandike. Basi. Usikiokote, usikigeuze, usikihamishie mahali pazuri kwa picha.

Nasisitiza hili kwa moyo wote. Mfupa uliotolewa mahali pake umepoteza tabaka lake, na bila tabaka hauna umri, na bila umri hauwezi tena kumwambia mtu yeyote chochote. Kule kuondoa tu ndiko kunakouua. Sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006 nayo inakataza kuchukua vitu hivi bila leseni, hata kipande cha ukubwa wa kucha, hata ukinunua kwa mtoto njiani. Usinunue. Ukinunua kimoja leo, kesho watoto kumi watakuwa miteremkoni wakichimba.

Utajua umefanikiwa ikiwa: ndani ya saa mbili mmeona angalau vipande vichache ambavyo mwenyeji amekubali kuwa ni mfupa, na mnapoondoka ardhi haionyeshi kwamba mlipita, isipokuwa nyayo kwenye kokoto. Msipoona kitu jioni, msife moyo. Alfajiri mwanga unatoka upande wa pili, na mteremko ule ule huonekana mpya.

## Hatua ya 8: Usiku wa pili, angalia watu kabla ya vyombo

Lala karibu na makazi ya watu, mahali utakapoonyeshwa na wazee. Hema hufungwa kama usiku wa kwanza. Kinachobadilika ni mwili: uchovu wa siku mbili huonekana sasa.

Uliza kila mtu, bila haya, mkojo wake una rangi gani. Ukiwa wa njano iliyokolea, au mtu hajaenda tangu mchana, anywe maji ya kurudisha mwilini: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Anywe kidogo kidogo.

Mtu akichanganyikiwa, akitapika, au ngozi ikiwa ya moto na kavu, hiyo si kiu tena. Mweke kivulini, mvue nguo nzito, mloweshe maji mwili mzima, mpepee, na safari igeuke kuwa ya hospitali hapo hapo. Hospitali ya rufaa ya kaunti iko Lodwar.

Akiumwa na nyoka: mlaze, mvue pete na bangili, funga kiungo kwenye ubao au fimbo kisitikisike, mpelekeni. Msikate jeraha, msinyonye, msifunge kamba ya kuzuia damu.

Choo ni shimo la sentimita 20, angalau hatua 100 kutoka mlaga na visima. Karatasi zichomwe au zirudi nanyi.

## Hatua ya 9: Siku ya tatu, rudi ukiwa na saa mkononi

Tembea penye visukuku kuanzia saa 12 na nusu hadi saa 2 na nusu asubuhi. Saa 3 kamili gari liondoke, hata kama mmeanza kuona vitu sasa hivi. Milaga iko pale pale, jua linapanda, na hakuna kuendesha gari baada ya saa 12 jioni, kwa ajili ya mifugo barabarani na kwa ajili ya usalama.

Kabla ya kuondoka:

- Chimbua viroba, mwaga mchanga, rudi navyo.
- Pita kambini kwa mstari, watu wote sambamba, mkiokota kila kifuniko na kila kipande cha plastiki. Mbuzi hula plastiki na kufa.
- Jerikeni ambazo hamtazihitaji kufika Lodwar, wapeni wenyeji zikiwa na maji yake, lakini bakini na mbili mpaka mwisho wa safari.
- Mlipe mwenyeji mliyokubaliana, mbele ya mzee, na umrudishe mpaka mlipomchukua.

Ukifika kwenye barabara ngumu, jaza tena tairi hadi 35 kabla ya kuongeza mwendo. Tairi lenye upepo wa 20 kwenye lami hupata moto na kupasuka.

Lodwar, mpigie simu yule mtu wa nyumbani umwambie mmefika. Halafu, kabla hujaoga, tuma zile picha zenye kalamu pembeni kwa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, pamoja na mahali uliposoma kwenye simu, tarehe, na jina la mwenyeji aliyekuwa nawe, kama ameridhia litajwe. Usitangaze mahali hapo hadharani mitandaoni. Picha ya mfupa unaweza kuonyesha. Ramani ya kuufikia waachie wanaoulinda.

Fanya hivyo siku hiyo hiyo. Mvua moja ikishuka kwenye mteremko, kipande ulichokiona kinaweza kuwa kimeshafika mlagani.